Pombe ya Mlango

Nimefungwa mara moja tu maishani, na nilifungwa ndani ya nyumba isiyokuwa na mlango. Msicheke kwanza. Asiyeamini aje uwanda wa Ufipa mwezi wa Juni, akae kwenye nyumba ambayo penye mlango pamesimamishwa mabua ya mahindi yaliyosukwa kwa kamba, aone. Upepo wa kwetu haupigi hodi. Unasukuma mabua, unaingia, unaonja ugali, unalala kitandani katikati ya mume na mke, na asubuhi ukiondoka unachukua na moto wa jikoni. Nimeona kwa macho yangu kuku wetu akitaga yai, na yai lenyewe likaanza kutetemeka.

Ila baridi haikuwa kifungo chenyewe. Kifungo ni kwamba nyumba isiyo na mlango haiachwi. Mbuzi wa kijiji kizima walijua kuwa mlangoni kwangu pana chakula, maana mlango wenyewe ulikuwa chakula. Tukigeuza kisogo wanautafuna, kisha wanaingia ndani kumalizia ulezi wa mbegu. Kwa hiyo mke wangu akienda kisimani mimi nabaki, mimi nikienda shambani yeye anabaki, na misa ya Jumapili tulihudhuria kwa zamu kama walinzi wa ghala. Tulikaa muda mrefu hivyo, bila kuonekana mahali pamoja, mpaka jirani mmoja akanipa pole akidhani tumeachana.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulitolewa kwenye mji wetu wa zamani, kule karibu na kijito, tukaletwa juu penye uwazi, nyumba zikapangwa kwa mistari iliyonyooka kiasi kwamba ukisimama kwenye ya kwanza ulimwona hadi kooni mtu anayepiga miayo kwenye ya mwisho. Kuta tulisaidiana. Nyasi za paa tulisaidiana. Mlango, akasema balozi wetu wa nyumba kumi, kila mtu na wake. Na pale uwandani mti ni kama mgeni wa heshima: humwoni, unasikia tu habari zake. Mbao zinatoka huko chini, kwenye misitu ya miteremko inayoshukia bonde la Rukwa.

Lakini msinione mvivu. Ubao nilikuwa nao. Niliufuata mwenyewe huko mteremkoni, mninga mtupu, nikaupasua kwa shoka na kabari, nikaupandisha mlima kwa ng'ombe wa kuazima ambao mpaka wanakufa hawakunisamehe. Ubao mmoja, mpana, unaotosha mlango mzima bila kuunga. Shida yangu haikuwa kuanza. Katika kuanza, bila kujisifu, kutoka Mwazye mpaka Chala sijaona wa kunishinda. Nilianza mzinga wa nyuki, ukakosa kifuniko. Nilianza ngoma, ikakosa ngozi. Nilianza ngazi ya kupandia darini, ikaishia vipago vya chini, ikawa ngazi ya kupandia hewani. Banda langu la njiwa lilikuwa na mlango mzuri sana, ila halikuwa na sakafu; njiwa waliingia mbele wakatokea chini, wakaliona jambo la kuchezea. Kila kazi ilipofika mahali pagumu, palepale akili yangu iliona kitu kingine kizuri zaidi cha kuanza.

"Bwana huyu," mke wangu aliwaambia wenzake kisimani, nami nikaletewa habari kamili, "katika Biblia yote amesoma kitabu cha Mwanzo tu. Ufunuo hajafika."

Ubao ukalala ubavuni mwa nyumba, nusu umechongwa, nusu una gome. Sababu ya kutoumaliza nilikuwa nayo, tena sababu ya kitaifa: bawaba. Enzi zile bawaba ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Nilikwenda Sumbawanga mjini, nikapita duka kwa duka pale Majengo, mpaka mwenye duka mmoja, mtu wa Mbeya, mcheshi, akaniambia, "Ndugu yangu, bawaba nilizobakiza ni za mlango wangu mwenyewe, na usiku nalala nimeziegemea." Nikarudi nyumbani nimefurahi. Mtu asiyependa kumaliza kazi hana zawadi anayoipenda kuliko kifaa kisichopatikana madukani.

Na saa za kuchonga ningezitoa wapi? Alfajiri inagongwa rimu ya lori iliyoning'inizwa penye ofisi ya kijiji, twende shamba la wote. Mchana nakimbilia shamba langu. Jioni inagongwa tena, kisomo cha watu wazima. Huko nilikuwa mwanafunzi hodari, nawaambia ukweli, koroboi ilikuwa ikinisubiri mimi ndipo iwake. Kisomo kikiisha kuna mkutano. Mkutano ukiisha kuna kikao cha kupanga mkutano. Nilikuwa mtu wa kugongewa chuma. Ule ubao niliupita asubuhi na jioni, nikiuangalia kwa jicho la pembeni kama mtu anayemkwepa shemeji.

Kisha mke wangu akawa mjamzito, mimba yetu ya pili.

Binti yetu wa kwanza alizaliwa katika nyumba ileile, baridi ya Juni, na akakohoa mpaka mvua za kwanza. Hapa sitii chumvi. Tulimkinga kwa migongo yetu, mimi upande wa mabua, mama yake upande wa moto, na tukimsikia amenyamaza tulikuwa tunaogopa zaidi kuliko akikohoa. Alipona. Lakini mke wangu hakusahau upande ule upepo ulikotokea.

Safari hii alimtaka mama yake. Mama mkwe wangu alikaa Chala, na watoto aliowapokea kwa mikono yake wangetosha kujaza shule. Akaleta jibu kwa msafiri: "Nitakuja. Ila silali kwenye nyumba isiyo na mlango. Mkwe wangu akipita nje nitajificha wapi, ndani ya chungu?" Maana kwa ukoo wao mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso. Akija huku, wewe unapita kule. Akiwa ndani, wewe uko nje, na kati yenu pawe na kitu kilichofungwa. Mabua yaliyotafunwa na mbuzi hayakuhesabiwa kuwa kitu.

"Mlango usiposimama," mke wangu akaniambia akichambua mboga, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonitisha, "mimi nakwenda kujifungulia kwetu."

"Na kurudi?"

"Siku nitakayosikia umefungwa."

Mtu mwenye akili angeshika tezo ya kuchongea palepale. Mimi nilikwenda kwenye kisomo.

Siku chache baadaye tulikuwa shamba la kijiji tunavuna, tumepumzika tunakunywa togwa, balozi akaanza. Alikuwa mzee mrefu, mwenye koti la jeshi lililomzidi, na ulimi uliolizidi koti.

"Msomi wa koroboi," akasema kwa sauti ya kusikika Zambia, "ule mlango wako umefika darasa la ngapi?"

Watu wakacheka. Na mimi kinywa changu, ambacho hakijawahi kuniomba ruhusa, kikajibu, "Ndugu balozi, ule umeshahitimu. Umebaki kupewa cheti tu."

Kwetu maneno hayo hayasemwi hivihivi. Anayetangaza mbele za watu kwamba kazi yake imefika mwisho ametangaza pombe. Ukimaliza nyumba, watu wanaiona na kuinywea. Ukimaliza kulima matuta, hali kadhalika. Hiyo pombe ndiyo muhuri. Kina mama wakamtazama mke wangu. Yeye akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea salamu kutoka mbali.

Jioni nilimkuta ameinama juu ya chungu, analoweka ulezi.

"Mama, unafanya nini?"

"Si umesema umehitimu?"

"Nilikuwa natania na watu!"

"Ulezi hautaniwi," akasema, akaongeza maji.

Asiyejua pombe yetu haelewi jinsi nilivyonaswa. Ulezi ukishalowekwa, unaota, upende usipende. Unaanikwa juani juu ya mkeka, kila apitaye anakiona kimea na kuhesabu kwa vidole. Unasagwa, unapikwa, unaingia mitungini, na kuanzia hapo unaenda kwenye siku yake kama lori lililokatika breki mteremkoni. Ukipitisha siku, unachacha, na kijiji kizima kinajua kuwa umeutukana ulezi wakati wengine hawana. Mkutano unaahirishwa. Harusi inaahirishwa. Nimeona hata mvua ikiahirishwa. Pombe ya ulezi haiahirishwi.

Kimea kilipokuwa juani, balozi akapita, akanusa, akaketi juu ya ubao wangu bila kukaribishwa.

"Mti huu ulikatwa msitu wa nani?"

"Wa wote, Ndugu balozi."

"Basi ni wa wote. Na duka la kijiji nalo halina mlango. Tumekaa, tumeamua: siku ya pombe, kama mlango haujasimama hapa, ubao unakwenda dukani."

"Na pombe?"

"Pombe tutainywa hapahapa. Ujamaa hauharibu kitu."

Sasa nieleze kuhusu bawaba. Ukweli ni kwamba hazikuhitajika, na nilijua tangu mwanzo. Babu zetu walining'iniza milango bila chuma. Unauchonga ubao wenyewe, upande mmoja unauachia ncha mbili, moja juu na moja chini, nene kama vidole gumba vya jitu. Ya chini inakaa kwenye tundu la jiwe, ya juu inaingia kwenye tundu la boriti ya juu ya mlango, na ubao unazunguka hapo. Ndiyo maana ubao ule niliuacha mrefu. Lakini penye ncha ya juu palikuwa na fundo. Fundo la mninga, jamani! Tezo ilikuwa ikigonga na kurudi, kama imesahau kitu nyumbani. Kusema kweli, si bawaba iliyonisimamisha muda wote ule. Lilikuwa fundo.

Nikaanza kulichonga. Alfajiri kabla ya rimu kugongwa, mchana badala ya kula. Sikujua kwamba ugumu wenyewe si kitu. Kinachoua ni uchovu wa kufanya kitu kilekile. Unagonga, kinatoka kibanzi chembamba kama ukucha. Unagonga tena. Hakuna jipya. Moyo unaanza kuzunguka uani: hivi ile ngoma ningeipatia ngozi leo isingependeza? Siku ya kwanza nikaweka tezo chini, nikaenda kuitafuta ngoma. Sikuiona.

"Mama, ngoma yangu iko wapi?"

"Inapika pombe."

Nikaenda kutazama. Chini ya chungu kikubwa ngoma yangu ilikuwa inawaka vizuri, haijawahi kutoa sauti tamu kama ile. Kesho yake nikakumbuka mzinga wa nyuki. Umekwisha kuwa majivu. Ngazi iliingia kipago baada ya kipago. Banda la njiwa lilikuwa limewekwa kando, linasubiri zamu, na njiwa wamekaa juu ya paa wananiangalia kana kwamba ni mimi niliyewauza. Kuni zilikuwa haba uwandani kwetu, hakuna mtu ambaye angemlaumu mke wangu. Alichoma milango yangu yote ya kutorokea, akaniachia ule mmoja ambao haujawa mlango.

Nikarudi kwenye fundo. Sikuwa na ushujaa wowote. Sikuwa na pengine pa kwenda.

Siku ya pombe ilipofika ncha zote mbili zilikuwa tayari. Mitungi ilikuwa uani, inachemka yenyewe kwa hasira. Watu walianza kuja mapema kuliko walivyowahi kuja kwenye shamba la wote. Nikachimbia jiwe lenye tundu. Nikainua boriti ya juu kwa mchi na kabari, nikasimamisha ubao, nikaingiza ncha ya chini, nikaingiza ya juu, nikashusha boriti pole, nikaondoa mchi. Ukasimama. Nikausukuma kidogo, ukasogea ukilalamika. Nilikuwa bado nimesimama pale katikati, nusu ndani nusu nje, tezo mkononi, kifua mbele, nangoja kusifiwa, niliposikia wanawake wakipiga vigelegele upande wa njia.

Mama mkwe amefika kutoka Chala. Anakuja moja kwa moja, furushi kichwani, na hana jinsi ya kukwepa, kwa sababu nyumba zetu zilipangwa mstari. Hapakuwa na kona ya kujificha, hapakuwa na kichaka. Nikafanya ambacho mkwe mwenye adabu lazima akifanye: nikarukia ndani, nikauvuta mlango kwa nguvu zangu zote, ukafunga pa!

Na boriti ya juu, yenye paa zima mgongoni, ikashuka kidogo, ikaukalia.

Nikasubiri mama mkwe apite upande wa pili. Nikasukuma. Hakuna kitu. Nikavuta. Nikatia bega. Ungedhani ubao umerudi kuwa mti na umeota mizizi. Kidirisha chetu kilikuwa cha kutosha kichwa tu, nikatoa kichwa.

"Ndugu balozi," nikanong'ona, "mlango haufunguki."

Balozi akatazama mlango, akatazama kichwa changu, akageukia watu. "Ndugu zangu, tunasubiri. Msomi amejifungia ndani anafanya mtihani."

Kicheko kile nadhani kilifika Mbeya. Mmoja akajitolea kuupasua kwa shoka. Mwingine akasema ukuta ubomolewe kidogo, ni udongo tu, utazibwa kesho. Nilimpenda sana yule wa pili. Lakini sauti ya mke wangu ikakata hapohapo:

"Hakuna kubomoa. Ana tezo ndani, ana patasi ndani. Amalize."

"Mama watoto, nitakufa humu!"

"Mlango umebaki kidogo, na wewe umebaki na mlango. Maliza."

Kisha nikasikia sauti nyingine, nzito, ya mwanamke mzee aliyesimama akinipa mgongo. Hakuzungumza nami, alizungumza na mtungi wa pombe. "Mtungi," akasema, "mwambie mwenye nyumba jua linaondoka, na mimi nimetembea njia ndefu na miguu hii. Mwambie silali nje." Mtungi haukusema kitu, lakini nilisikia.

Kule ndani palikuwa na giza ambalo sikuwahi kuliona katika nyumba ile mchana. Palikuwa kimya pia, na ilinichukua muda kuelewa ni kitu gani kimepungua. Upepo. Ulikuwa nje, unasugua ubao, unatafuta. Nikaweka mkono chini ya mlango. Hamna. Pembeni, hamna. Nikakumbuka mgongo wangu upande wa mabua, na kifua cha binti yetu.

Basi nikatafuta kitu cha kuinulia boriti. Mchi mkubwa nilikuwa nimeuacha nje. Nikang'oa mguu wa kitanda, ndiyo, cha ndoa, nikausimamisha chini ya boriti, nikaupigia kabari kwa kisigino cha tezo. Boriti ikapanda unene wa jani. Nikaanza kuparua ukingo wa juu kwa patasi, mikono hewani, vumbi la mninga likinishukia machoni. Nje wakaanza kunywa na kuimba, na nyimbo walizitunga papo hapo zote zikinihusu. Mke wangu akanipitishia kibuyu dirishani. Nikafurahi, nikanywa: maji.

"Na pombe?"

"Pombe ni ya waliomaliza."

Niliparua. Nikasukuma, haukufunguka. Nikaparua tena palepale, mahali palepale pasipo na jipya. Mara mbili nilikaa chini nikaapa kwamba mimi nitaishi humo, niletewe chakula dirishani, kisomo nikifuate kwa masikio. Hakuna aliyenibembeleza. Nikasimama tena. Mwisho nilikuwa siwazi mlango wala pombe. Nilikuwa nawaza ule upana wa ukucha uliobaki, kisha ulio baada yake.

Ulifunguka bila kishindo. Niliusukuma kwa kidole tu, nikitegemea ukatae, ukazunguka kwenye jiwe lake, kwa mlio mdogo, ukanionyesha kijiji kizima kimesimama na vibuyu mikononi. Jua lilikuwa bado limebaki kidogo. Balozi akaja, akaufunga, akaufungua, akaufunga, akaufungua. "Umehitimu," akasema, kwa huzuni ya mtu aliyepoteza mlango wa duka.

Mimi nikajitenga upande, uso ukutani, kama inavyotakiwa. Mama mkwe akapita nyuma yangu na furushi lake. Mke wangu akamfuata, mkono mmoja kwenye tumbo, mwingine kwa binti yetu. Nikasikia ncha ikizunguka kwenye jiwe. Mlango ukafungwa, na kwa ndani wakaegemeza kitu.

Nikanywa, wacha niseme tu kwamba nilikunywa. Watu walipoanza kutawanyika nikaenda mlangoni kwangu, nikasimama, nikaona siwezi kusukuma tu kama zamani. Nikakohoa.

"Hodi."

"Nani?" Mke wangu huyo.

"Mimi. Mwenye nyumba."

Ndani wakanong'onezana, wakacheka kidogo, wanawake wale wawili. "Mwenye nyumba akalale kwa balozi," akasema. "Mpaka mtoto azaliwe, humu hapiti mwanamume."

Nilisimama pale nikiwa sina la kufanya. Sikuwa na ngoma ya kuwamba, wala ngazi, wala mzinga. Upepo wa Ufipa ukaja kutoka unakotoka, ukanipita, ukausukuma mlango mara moja, ukausukuma mara ya pili. Ukarudi, ukakaa nami hapo nje.